Picha ya mzinga, siyo ya kupakua

Wauzaji wenzangu, mimi napingana na hii tabia ya kupakua picha ya chupa za asali mtandaoni halafu unaandika "asali ya Katavi". Huku Litapunga mzinga wa gogo unaning'inia juu ya mti na hakuna anayegeuza shingo. Mtu wa Dar akiuona kwenye statasi anauliza: hilo gogo linafanya nini huko juu? Tayari mnaongea, na bei haijatajwa. Aliyewahi kuuziwa maji ya sukari anataka aone asali ilikotoka. Ila yule jamaa anayepita na kabati juu ya baiskeli usimrushe tu kuchekesha watu, muombe kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na yeye pia ana simu, ataiona.