Mguu mzima ndio uliommaliza!

Mei 2006 huko Marekani, farasi Barbaro alishinda Kentucky Derby, mbio za wenye mshiko. Wiki mbili baadaye akavunjika mguu wa nyuma wa kulia. Akapasuliwa, mfupa ukaanza kuunga. Kumbe mguu wa kushoto uliobeba mzigo wote ukawaka moto ndani, kwato ikaanza kubanduka kwenye mfupa! Januari 2007 akapigwa sindano ya kumpumzisha.

Siku hizi madaktari wanajaribu seli shina: wanazichota kwenye uboho au mafuta ya farasi, wanazikuza, kisha wanazidunga mguuni ili zipoze uvimbe. Matumaini yapo, uhakika bado. Noti peke yake haiponyi. Upande mmoja ukiumia, uhurumie na ule mzima. Umeipata hiyo?