Anayeweka na Ajue Kutoa



Katika mitaa yetu ya Likasi, kuanzia Kikula hadi Panda, wapo akina mama na akina dada waliowekewa kijiti cha kuzuia mimba chini ya ngozi ya mkono, au kitanzi ndani ya tumbo la uzazi. Pengine mmoja wao ni dada yako, nawe hujui. Hatuwaandikii leo ili kupima kama alifanya vema kukipokea. Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hilo mnayafahamu. Papa Paulo VI aliyaeleza katika waraka wa Humanae Vitae mwaka 1968. Tunawaandikia juu ya siku nyingine, siku isiyotangazwa kwa kipaza sauti: siku ambayo mwanamke huyo anasema, “Sasa nataka kitolewe.”

Msimamo wetu ni huu: siku anayosema hivyo ndiyo siku ya kukitoa. Asiulizwe maswali ya kumwaibisha, asidaiwe fedha asizokuwa nazo, asirudishwe nyumbani kwa sababu muda wa kijiti haujatimia. Na sisi Wakatoliki, tusiopenda kijiti kiwekwe, tunapaswa kuwa wa kwanza kulidai jambo hili.

Tulitazame jambo lenyewe lilivyo. Kijiti ni ufito laini unaokaribia ukubwa wa njiti ya kiberiti, nao hutoa homoni kidogo kidogo mwilini. Aina yenye ufito mmoja ilitengenezwa kwa miaka 3. Ile ya fito mbili, kwa miaka 5. Kukitoa, ikiwa kiliwekwa vizuri, si kazi ya maajabu: dawa ya ganzi, mkato wa milimita chache, koleo dogo, bandeji safi. Muuguzi au mkunga aliyefundishwa aiweza. Lakini kijiti kilichozamishwa ndani ya nyama kwa mkono wa haraka hutaka mtaalamu mzoefu, na mara nyingine mashine ya ekografia ya kukitafuta. Mwanamke anayemeza vidonge huweza kuviacha mwenyewe usiku anaotaka. Mwenye kijiti hawezi. Hutegemea mkono wa mtu mwingine, na mtu huyo akikataa, basi yeye ndiye anayeamua kama mama huyu atazaa au hatazaa. Njia iliyoitwa ya muda hugeuka kuwa utasa wa kulazimishwa.

Haya yalitokeaje? Mwaka 2013, kwa makubaliano kati ya watengenezaji na wafadhili, bei ya vijiti kwa nchi maskini ilishushwa kwa takriban nusu, hadi dola 8.50. Tangu hapo vimesambazwa kwa mamilioni barani Afrika, na nchi yetu imo. Lakini kila kijiti kilichoingia ni deni, kwa kuwa lazima siku moja kitolewe. Ripoti huandika waliowekewa wangapi. Mara chache huuliza waliotaka kutolewa walipata au walikosa. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kuweka kuna hema, kuna wageni, kuna huduma ya bure. Siku ya kutoa, mama yuko peke yake.

Fikirini mama mmoja anayeuza mboga sokoni. Alipokea kijiti siku ya kampeni. Baada ya miezi sita damu inamtoka bila mpangilio, tatizo linalojulikana sana kwa vijiti, na nyumbani amani imepungua. Anakwenda kituo cha afya. Wa kwanza anamwambia, “Mama, vumilia, mwili utazoea.” Wa pili anamwambia, “Mama, miaka yake mitatu bado.” Wa tatu anamwambia kwamba aliyefundishwa kutoa amehamishwa. Wa nne anakubali, lakini anataja bei inayozidi faida yake ya wiki nzima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: wote wanne wanamhesabia miaka ambayo hawataibeba wao. Hapo ndipo wembe wa jirani huanza kuonekana kama msaada, pamoja na hatari zake za usaha, za kutokwa damu nyingi na za kukata mishipa.

Ya tano ni aibu kwetu sisi wenyewe. Mama huyo anamwendea mwenzake wa jumuiya, naye anamjibu, “Ulijitakia. Sasa kaa nacho.” Wapendwa, neno hilo halina Injili ndani yake. Msamaria mwema hakumwuliza aliyejeruhiwa kwa nini alishika njia ile ya hatari. Alimfunga majeraha, akalipa gharama. Waliotazama na kupita kando walikuwa watu wa dini.

Wengine watasema: tukidai huduma ya kutoa, si tunabariki huduma ya kuweka? Hapana. Kumsaidia mtu kutoka mahali si kumsukuma aingie. Kituo cha afya cha Kanisa kisichoweka vijiti kinaweza kabisa kuwa na muuguzi anayejua kuvitoa. Na kama tunaamini kweli tunayofundisha, ni ajabu gani kumfukuza mwanamke aliyekuja kuomba kuviacha?

Wengine watasema kwamba kutoa kabla ya wakati ni kupoteza fedha za wafadhili. Je, kijiti kilitolewa kama zawadi, au kilikopeshwa kwa rehani ya mwili? Zawadi ambayo mtoaji bado ameishikilia ni kamba. Wengine watasema mume hajakubali. Ni vema mume na mke waamue pamoja. Hilo Kanisa linalifundisha. Lakini kutofautiana kwao hakumpi muuguzi kibali cha kumfungia mama. Sheria ya nchi yetu namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, inayoweka misingi ya afya ya umma, inadai ridhaa huru katika mambo haya. Na wenye ndoa wasipoelewana juu ya njia ya kuzuia mimba, utashi wa mwenzi anayehusika ndio unaotangulia. Ridhaa ya kuingia isiyo na ridhaa ya kutoka si huru.

Msidhani hofu yetu ni ya bure. Papa Paulo VI alikwisha kuonya, katika waraka ule ule, kwamba wenye mamlaka wangeweza kuzichukua njia hizi na kuwatwisha watu. Huko Greenland, kati ya mwaka 1966 na 1970, madaktari wa Denmark waliwawekea vitanzi wanawake na wasichana wapatao 4,500, wengi wao bila ridhaa. Wengine hawakujua walichobeba mpaka miaka mingi baadaye. Waziri Mkuu wa Denmark aliwaomba radhi mwaka 2025, zaidi ya nusu karne baada ya kosa.

Nasi tunayo kumbukumbu yetu wenyewe. Mji huu ulipoitwa Jadotville, kampuni ya Union Minière ilitaka wake wa wafanyakazi wazae, kwa sababu ilihitaji vibarua wa kesho; posho ya chakula ilihesabiwa kwa mke na kwa watoto. Wakati ule tumbo la mama lilihesabiwa ili liongeze. Leo linahesabiwa ili lipunguze. Hesabu imegeuka, lakini anayehesabu bado si mama mwenyewe. Heshima ya mtu haiingii katika daftari la namna hiyo, liwe la kampuni au la mfadhili.

Basi tunadai nini? Kila kituo kinachoweka vijiti na vitanzi kiwe na mtu anayejua kuvitoa, na vifaa vyake, siku zote za kazi. Palipowekwa bure, patolewe bure. Mama aambiwe siku ya kwanza, kwa lugha anayoielewa, atakapokwenda akitaka kutoka. Na ripoti zihesabu walionyimwa, si walionaswa tu.

Nanyi vijana, msingoje wakubwa. Ulizeni katika kituo cha mtaa wenu ni nani anayetoa, siku gani na kwa gharama gani. Mkipata jibu, lihifadhini ili mwelekeze anayehitaji. Msindikizeni, na mtunze siri yake. Msimwache aende kwa wembe.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni maneno gani tunayosema sisi wenyewe yanayowafanya dada zetu waogope kuomba msaada?
2. Katika mtaa wetu, mwanamke anayetaka kijiti kitolewe aende wapi leo hii?
3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini mwezi huu ili asiende peke yake?