Puge inaweza kuwa na mfuko wake

Puge iko kwenye barabara ya Nzega na Tabora, katika nchi ambayo misafara ya karne ya 19 ilipita ikitoka Unyanyembe kuelekea Karagwe na Buganda. Mfuko wa jamii ninaoutetea hapa ni chombo kilichosajiliwa, chenye bodi ya wakazi. Hupokea michango ya wengi, sehemu yake ikawekwa kuwa mtaji usioguswa, na sehemu nyingine ikatolewa ruzuku kwa vikundi na mashirika madogo ya hapohapo yanayohudumia kaya zenye shida. Wazo hili likitajwa, pingamizi huja haraka. Nyingine ni nyepesi, nyingine nzito, na zote zinastahili jibu.

“Hayo ni mambo ya Wazungu.” Ni kweli kwamba taasisi ya kwanza ya aina hii kwa mfumo wa kisasa ilianzishwa Marekani, mjini Cleveland, mwaka 1914, na mwanasheria aliyekuwa akiongoza benki, Frederick Goff. Lakini kuweka mali isiyouzwa ili faida yake iwalishe yatima na kutunza msikiti ni wakfu, na pwani yetu inaujua wakfu kwa karne nyingi. Zanzibar hadi leo ina kamisheni ya serikali ya kuusimamia. Nairobi nako kuna Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1997, na kazi yake kubwa imekuwa kuzisaidia jamii kujijengea mitaji yao wenyewe.

“Serikali inatosha: kuna TASAF, na kuna asilimia kumi ya halmashauri.” TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, iliyoanza mwaka 2000, imezifikia kaya nyingi maskini, na anayeibeza hajaona mama akinunua sare za shule kwa ruzuku hiyo. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, nayo ni jambo jema. Ila ni mkopo. Hata bila riba, hurudishwa, na bibi anayelea wajukuu wanne huku miguu imevimba hawezi kukopa mtaji wa genge. Tena utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ili urekebishwe, ukarejea mwaka uliofuata. Uamuzi wa kusimamisha haukufanyika Puge, wala ule wa kuurudisha.

“Sisi majirani tunajuana, tunasaidiana bila katiba wala bodi.” Hii ndiyo hoja ninayoipinga kwa nguvu zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Msiba ukitokea Unyamwezini, unga, kuni na maji hufika kabla hujaomba. Sungusungu, iliyozuka huku na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, ilionyesha kwamba wanakijiji wanaweza kuunda chombo na kukiendesha wenyewe. Lakini msaada wa jirani humfuata anayependwa. Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, ambaye watu wameanza kumnong'ona kuwa ni mchawi, hapelekewi unga. Katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, wazee wa namna hiyo wameuawa kwa mapanga. Kisha, kuanzia mwaka 2007 hivi, taifa likatikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino. Mama aliyeachwa na mume kwa sababu ya mtoto mwenye ualbino ana majirani kila upande, na baadhi yao ndio anaowaogopa.

Kaya hiyo inahitaji msaada unaotolewa kwa kigezo kilichoandikwa, si kwa mapenzi ya mtu. Inahitaji pia kikundi kitakachobisha hodi pale ambapo jirani anaona aibu kuonekana: wasaidizi wa kisheria, chama cha watu wenye ulemavu, akina mama wa kanisani au msikitini wanaotembelea wagonjwa majumbani. Vikundi kama hivi havikosi moyo. Vinakosa nauli ya bodaboda, daftari, kodi ya chumba kimoja, mafuta ya kukinga ngozi na jua. Mfadhili mkubwa hataki kusikia habari za laki tatu. Anataka andiko la Kiingereza na hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa. Mfuko wa jamii unaweza kutoa hiyo laki tatu baada ya mazungumzo ya Kiswahili au Kinyamwezi, na mwaka unaofuata ukamfundisha mweka hazina kutunza vitabu. Kwa hiyo anayesema “wapeni maskini mkononi, vikundi vya nini?” nimemjibu pia.

“Watu wa Puge hawana cha kuchanga.” Wanachanga harusi, msiba na paa la kanisa. Baada ya mavuno mpunga upo, na vijana waliohamia Dar es Salaam hutuma pesa kwa simu.

“Ni dhambi kulaza pesa benki wakati watu wana njaa.” Huu ni uchungu wa kweli, na siupuuzi. Lakini tuangalie yaliyopita jirani. Mbola, wilayani Uyui, ilikuwa kwenye mradi wa kimataifa wa maendeleo ulioitwa Vijiji vya Milenia kuanzia mwaka 2006. Yalikuja mengi mazuri, na mwaka 2015 mradi mzima ukafikia mwisho wake. Huku Nzega, mgodi wa dhahabu wa Golden Pride ulichimbwa kwa takriban miaka 15 kuanzia mwaka 1998, ukafungwa. Sehemu ndogo tu ya fedha za namna hiyo ingewekwa kuwa mtaji, tuseme milioni 200, kwa faida ya asilimia 10 ingeleta milioni 20 kila mwaka, mfadhili awepo asiwepo. Mtaji si lazima ulale: kuna hati fungani za serikali, na kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS ambayo hata mtu wa kipato kidogo hununua vipande. Njia hii imeshajaribiwa kwetu. Mpango wa shule za awali za madrasa, ulioanzia Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Aga Khan Foundation na kufika Zanzibar na Uganda, uliwawezesha wazazi kuchanga mtaji mdogo, ukaongezewa na mfadhili, ukawekezwa kwa pamoja, na faida ikarudi kuendesha shule.

Imebaki ile nzito kuliko zote: “Zitaliwa.” Mkulima wa tumbaku wa Tabora aliyewahi kubebeshwa deni la pembejeo asilolielewa ana haki ya kuuliza. Ahadi ya uaminifu haimtoshi, anahitaji masharti. Saini tatu za watu wasio ndugu. Mjumbe ambaye jamaa yake ameomba ruzuku atoke nje wakati wa kuamua. Mapato na matumizi yabandikwe ofisi ya kata na kusomwa kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida huitishwa kila miezi mitatu. Mwenyekiti wa kijiji, diwani na mbunge wasikae kwenye bodi wala kutia saini hundi. Wakitaka kusaidia, wachange kama wakazi wengine, na majina yao yasomwe katika orodha ileile ya aliyeleta debe moja la mpunga.