Tuonyeshe Msimbo, Daktari

Mtafiti asiyeweza kuonyesha hatua kwa hatua jinsi kompyuta yake ilivyotoa jibu, hana jibu. Ana uvumi wenye jedwali.

Nasema hivi kwa sababu naijua biashara yenyewe. Mimi niliacha chuo, lakini wanafunzi wa uzamili hunilipa niwachambulie data. Naletewa faili tano, zote zimeitwa "mwisho", na moja "mwisho kabisa". Nikimaliza, hakuna anayeniuliza nilifanya nini katikati. Wanataka tu majedwali ya sura ya nne. Kwangu ni riziki. Kwa chuo ni aibu.

Ati ni mambo madogo? Mwaka 2010, wanauchumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, waliandika kwamba nchi zenye deni linalopita asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani wa -0.1%. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakaidaka hiyo namba kutetea kubana matumizi. Baadaye Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alijaribu kurudia hesabu hiyo kwa kazi ya darasani, ikakataa. Akaomba faili ya Excel. Fomula ilikuwa imeishia mstari wa 44 badala ya 49, na nchi tano zikaachwa nje. Kosa hilo pekee lilikuwa dogo. Kubwa zaidi ni data nyingine zilizoachwa na jinsi wastani ulivyopigwa. Mwaka 2013 Herndon na walimu wake wakatangaza walichopata: 2.2%. Wenyewe walikiri kosa la fomula ingawa walishikilia hoja yao. Lakini kwa miaka mitatu, watu wa kawaida walibanwa kwa hoja iliyoegemea hesabu ambayo umma haukuwa umeiona ndani.

Uingereza nayo, 2020: karibu visa 16,000 vya korona vilichelewa kuingia kwenye hesabu, kwa sababu faili ya Excel ya muundo wa kizamani haipokei zaidi ya mistari 65,536. Waliokaribiana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa.

"Lakini mimi ni mwanabiolojia, si mtu wa kompyuta." Kwani hadubini ulizaliwa nayo? Ulifunzwa. Hii pia inafunzika. Greg Wilson na Brent Gorda walianzisha mafunzo ya Software Carpentry mwaka 1998, na siku hizi warsha zake kwa kawaida huchukua siku mbili tu. Huwezi kuwa fundi kwa siku mbili, sawa, lakini unaanza tabia: kuhifadhi kila toleo kwa Git, kuyapa mambo majina yanayoeleweka, kuijaribu programu kwa data ndogo ambayo jibu lake unalijua, kumpa mwenzako asome kabla hujajigamba. Na msiniambie hakuna pesa. Python, R na Git ni za bure.

Kwa hivyo vyuo viache kuleta porojo. Somo hili lifunzwe muhula wa kwanza wa uzamili, na wasimamizi wakae darasani pia, maana wengi wao ndio hawajui. Tasnifu yenye hesabu za kompyuta isipitishwe kabla mtahini hajauendesha msimbo kwenye mashine yake na kupata namba zile zile.

Mimi nitakosa wateja. Poa tu, nitatafuta kazi nyingine.