Kwanta ya kibandani haiioni zebaki

"Mwangaluka, mayu," alisema kijana mmoja mchoma dhahabu aliyepangiwa upasuaji wa ngiri, akaniwekea mezani karatasi zilizochapwa kwa rangi. Kwenye kibanda cha pembeni ya stendi mjini Kahama walikuwa wamemshikisha kijiti cha chuma chenye waya unaoingia kwenye kompyuta, na kabla chai haijapoa mashine iitwayo ya kwanta ilikuwa imeshamsoma mwili mzima: ini limechoka, damu nzito, nguvu ya fahamu imeshuka. Akauziwa makopo mawili ya unga. Alichotaka kujua kwangu ni kama unga huo unagombana na nusu kaputi.

Mimi nilikuwa naangalia mkono wake. Ulipolala mezani ulitulia kidogo, lakini aliponyoosha kidole kunionyesha mstari wa fahamu, kidole kilitetemeka hata kikakosa mstari. Nilipomuuliza anachomea wapi, akajibu kwamba anachomea nyuma ya nyumba, kwenye karai, kwa mkaa.

Nimefanya kazi ya usingizi katika hospitali za ukanda huu kwa miaka mingi, kwa hiyo fahamu kwangu si jambo la mahubiri. Ni kitu ninachokizima asubuhi na kukirudisha kabla ya chakula cha mchana. Mgonjwa anaanza kuhesabu, hafiki kumi, hayupo. Moyo unapiga, ngozi ina joto, mwenyewe hayupo. Etha ilitumika hadharani Boston mwezi Oktoba 1846, na tangu hapo wanasayansi wamegundua mengi kuhusu mahali dawa zetu zinaposhika kwenye seli za ubongo. Lakini kwa nini kushikwa huko kumfanye mtu aondoke, hilo bado lina mabishano. Ketamini, mkombozi wa hospitali za wilaya umeme unapokatika, inazidi kutuchanganya: macho ya mgonjwa yako wazi, mboni zinacheza, kisu kinapita naye hana habari. Akizinduka anakusimulia alivyokuwa akiruka juu ya Ziwa Victoria.

Ndiyo maana sikushangaa kusikia kwamba mmoja wa watu wawili wanaojulikana zaidi kwa nadharia ya kwanta na fahamu ni wa fani yangu. Huyo ni Stuart Hameroff, daktari wa usingizi wa Chuo Kikuu cha Arizona. Mwenzake ni Roger Penrose wa Oxford, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2020 kwa kazi yake kuhusu mashimo meusi ya angani, si kwa hii ya ubongo, jambo ambalo wauza makopo hawalisemi. Katika kitabu chake cha mwaka 1989, The Emperor's New Mind, Penrose alidai kwamba kuelewa si hesabu tu za aina ambayo kompyuta inaweza kufanya. Akakosa mahali pa kuiweka hoja hiyo ndani ya kichwa. Hameroff akampa mahali: vijibomba vya seli, ambavyo wataalamu huviita mikrotubuli. Vina upana wa nanomita 25 tu, vimeundwa kwa protini iitwayo tubulini, na kwa seli ya ubongo ni kama fito kwa nyumba ya udongo: bila hivyo umbo halisimami. Tena mizigo ya seli husafirishwa juu yake. Wawili hao wanasema kwamba ndani ya tubulini kuna hali mbili au zaidi zinazokaa pamoja kwa wakati mmoja, kama fizikia ya kwanta inavyoruhusu kwa vitu vidogo sana, mpaka zinapoporomoka na kubaki moja. Kila poromoko lililopangiliwa, kwao, ni punje ya fahamu, na dawa ya usingizi huvuruga mchezo huo.

Nadharia hii imepigwa sana. Mwaka 2000 mwanafizikia Max Tegmark alipiga hesabu akasema ubongo una joto na majimaji mno, na hali hiyo ya kwanta ingevunjika ndani ya sehemu ya sekunde yenye sifuri kumi na mbili baada ya nukta. Hameroff na wenzake wakamjibu kwamba alikokotoa kitu ambacho wao hawakukisema. Kisha kuna jaribio ambalo watu wa machimbo watalipenda. Huko Italia, chini ya mlima wa Gran Sasso, ipo maabara iliyofunikwa na mwamba wa mita zipatazo 1,400, na watafiti walikaa humo wakitafuta mnururisho hafifu ambao poromoko la namna hiyo lingetarajiwa kuutoa. Hawakuupata. Mwaka 2022 waliandika kwamba umbo rahisi la nadharia hiyo haliwezekani kirahisi. Lakini mwaka 2024 watafiti wa Chuo cha Wellesley, Marekani, waliwapa panya dawa inayokaza vijibomba, kisha wakawavutisha isofluraini, ambayo ni gesi ya usingizi. Panya hao walichelewa kupoteza fahamu kwa zaidi ya dakika moja kwa wastani. Hilo halithibitishi kwanta. Linaonyesha tu kwamba huenda vijibomba vina la kusema katika kulala.

Mimi binafsi sijashawishika. Naiheshimu hata hivyo, kwa sababu wenye nadharia walitaja mahali pa kuangalia, na wengine, walipoambiwa pa kuangalia, waliingia chini ya mlima kuangalia. Mashine ya Kahama imeangaliwa na nani? Penrose hana kijiti cha kusoma fahamu. Hameroff, mwenye vyumba vya upasuaji na vifaa vya Marekani, hana pia. Kibanda cha pembeni ya stendi kinacho?

Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, na mikoa yetu ilikuwa miongoni mwa iliyoaibika zaidi. Simlinganishi muuza unga na muuaji. Nasema ramli ikiunganishwa na kompyuta inabaki ramli, na wateja wake ni walewale, watu ambao leo wamepata na kesho duara la dhahabu limekauka.

Turudi kwenye mkono uliotetemeka. Zebaki iliyonasa dhahabu ikichomwa kwenye karai hupanda kama mvuke usio na harufu. Karibu asilimia 80 ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini, na sehemu yake hufika ubongoni. Mwaka 2003, chini ya mradi wa shirika la UNIDO, watafiti walipima watu wa Rwamagasa, Geita, na takriban robo ya wachomaji wakakutwa na sumu ya zebaki. Kutetemeka na kuyumba ni katika dalili zake. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walikuwa wameweka zebaki kidogo kwenye seli za neva za konokono wa maji. Tubulini ikasambaratika, na ncha za neva zikanywea.

Ndiyo tubulini ileile. Kama Penrose na Hameroff wamepatia, mchomaji wetu anavuta kitu kinachobomoa mahali pale pale fahamu inapozaliwa. Kama wamekosea, bado anabomoa seli zinazomwezesha kushika kijiko. Na karatasi zote zile za rangi hazikuwa na neno zebaki hata mara moja.

Nilimwambia aache unga. Upasuaji tulimfanyia kwa ganzi ya mgongoni, akapiga soga muda wote kuhusu bei ya gramu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mpango wa taifa wa kupunguza zebaki kwa wachimbaji wadogo uliandaliwa. Kwenye mialo ya dhahabu ninayoifahamu, ningeanza na mambo mawili yasiyohitaji Nobel. Kila kituo cha afya cha machimbo kimuulize mgonjwa anafanya kazi gani kabla ya kumwandikia vitamini, na sampuli za mkojo wa wachomaji zipelekwe zikapimwe zebaki. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mwanza, si mbali. Halmashauri nazo zikague vibanda vya kwanta, zidai ushahidi wa mashine, na pasipo ushahidi zifunge.

Nawe unayechoma: tumia chombo kilichofunikwa kinachorudisha mvuke kuwa zebaki, uchome mbali na nyumba, watoto na wajawazito, na karai lisirudi jikoni. Mikono ikianza kutetemeka au fizi kuvimba, acha kuchoma, nenda kituo cha afya, useme mwenyewe bila kusubiri kuulizwa kwamba unachoma zebaki.