Bastola Moja, Kuukuu

Wadau, leo tuongee kuhusu bastola. Msikimbie, sijageuka jambazi.

Mshikaji wangu mmoja wa Tunduma alinitumia picha tano za bastola ya zamani ambayo ilikuwa kwenye sanduku la bati la marehemu babu yake. Rivolva, yaani ile ya silinda inayozunguka, matundu sita, chuma kimeliwa na kutu hapa na pale. Maswali yake yalikuwa mawili, na yote ya kimjini: ni ya nani hii, na je, inapiga? La pili lilitokana na dalali mmoja wa pale mpakani aliyekwishapata harufu. Dalali alidai ana mteja anayependa kulenga shabaha, akataja bei kwa kwacha, tena akataka jibu jioni hiyo hiyo. Mnaoijua Tunduma mnajua mambo yanavyokwenda. Kati ya foleni ya malori na wabadilisha fedha, kila kitu kina mteja.

Tuanze na la pili, maana ndilo linaloweza kuua mtu. Chuma kinachoonekana imara nje kinaweza kuwa kimechoka ndani, na hilo hulioni kwa macho. Kisha kuna suala la risasi. Bastola ile inataka risasi ya .455, kama milimita 11.5, nene na ya mwendo wa polepole, ambayo huikuti popote pale. Wamarekani walinunua bastola za aina hii kwa wingi baada ya vita, zikiwa mali iliyobaki jeshini. Kwa kukosa risasi zake, nyingi zilichongwa nyuma ya silinda ili zipokee risasi za .45 za bastola ya Colt. Zinaingia, ndiyo. Lakini msukumo wa risasi hizo unazidi ule ambao bastola ilipimiwa kiwandani. Wapo waliopiga miaka bila shida, na wapo waliopasukiwa na silinda. Kwa hiyo mtu anayekuuliza "inapiga?" bila kuuliza "ilichongwa?" hana habari na anachonunua. Halafu sheria yetu ya silaha ya mwaka 2015 haijui neno "ya babu". Silaha bila kibali ni kosa, iwe imetengenezwa jana au enzi za Kaisari. Nilimwambia: usiuze, usijaribu, mwambie mjomba.

Sasa swali la kwanza, ambalo ndilo lililoninyima usingizi.

Kwenye ukoo wao inasimuliwa kwamba baba wa babu alikuwa askari wa Mjerumani, akarudi na bastola hiyo vita ilipokwisha. Lakini picha zinaonyesha kitu kingine. Ubavuni pamechongwa jina la Webley na mwaka 1917. Juu yake kuna MARK VI, na kuna kale kamshale kapana ka serikali ya Uingereza. Bastola inakunjuka katikati kama shotigani. Hii ni Webley Mark VI, ya kiwanda cha Birmingham, iliyoingia jeshi la Uingereza mwaka 1915. Ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja. Rivolva ya Mjerumani, ile ya mwaka 1879 au 1883, ni mnyama tofauti kabisa. Haikunjuki, risasi unaingiza moja moja kwa mlango mdogo ubavuni, na maganda unayasukuma nje kwa kijiti. Hakuna namna ya kuzichanganya.

Vijana wa ukoo wakacheka. Kumbe mzee alitupiga kamba! Askari wa Mjerumani na bastola ya Mwingereza wapi na wapi?

Hapo ndipo ninapopingana nao. Turudi Novemba 1918. Von Lettow-Vorbeck alikuwa ametoka Msumbiji, akazunguka kaskazini ya Ziwa Nyasa, na mwanzoni mwa mwezi huo jeshi lake likashambulia kituo cha Waingereza cha Fife, upande wa pili wa mpaka, eneo la Nakonde ya leo. Yaani hapo hapo kwetu! Akashindwa kukichukua, akapita hadi Kasama. Tarehe 13, huko Chambeshi, ndipo akapata habari kwamba Ulaya vita imekwisha tangu tarehe 11. Tarehe 25 akasalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Na silaha zenyewe? Bunduki zilizowekwa chini siku ile zilikuwa karibu zote za Waingereza na Wareno, zilizotekwa njiani. Jeshi la Mjerumani lilimaliza vita likiwa limebeba vyuma vya adui, kwa sababu meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani na shehena kutoka Ulaya ilikuwa ndoto.

Kwa hiyo muhuri unakwambia bastola ilizaliwa wapi, haukwambii nani aliibeba. Mzee anaweza kuwa alisema kweli tupu. Anaweza pia kuwa alikuwa mpagazi wa Waingereza, mmoja wa wale maelfu waliobeba mizigo ya vita (jina la Kariakoo pale Dar limetokana na kikosi chao), na akachagua kusimulia hadithi yenye cheo kikubwa zaidi. Kuna na jambo la tatu: bastola ilikuwa silaha ya maofisa, askari wa kawaida alibeba bunduki. Ilifikaje mkononi mwake? Waingereza walipouza silaha zao kihalali walipiga muhuri wa mishale miwili inayogusana ncha. Kwenye picha zangu tano sikuuona. Inawezekana uko upande usiopigwa picha, inawezekana haukuwahi kupigwa. Kama haukupigwa, basi bastola ile ilitoka jeshini kwa mlango wa nyuma, na hadithi ya ukoo inapata nguvu. Ningeishika dakika kumi tu chini ya taa nzuri, ningejua.

Sitaishika. Mjomba, mtu mwoga wa sheria na ninamheshimu kwa hilo, alisubiri ule msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari wa Septemba na Oktoba 2023, akaivingirisha kwenye kitenge na kuipeleka kituoni. Walimpokea vizuri, hakuna aliyemsumbua. Akapewa karatasi. Karatasi imeandikwa: "bastola moja, kuukuu." Basi. Hakuna namba, hakuna mwaka, hakuna jina la kiwanda.

Silaha za namna hii huishia kuteketezwa, na kwa ujumla ni jambo jema. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania iliisaini, inahimiza hivyo, na atakayesema mpakani tunahitaji bastola zaidi hajawahi kulala Tunduma. Sitetei mtu kukaa na silaha chini ya godoro. Lakini kati ya godoro na tanuru hakuna mlango wa tatu? Uingereza ilipiga marufuku karibu bastola zote mwaka 1997, baada ya watoto wa shule kuuawa Dunblane mwaka 1996. Hata hivyo iliacha kifungu kwa zile za kihistoria, kwa masharti makali. Sisi sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inaweka mpaka wa vitu vya kale kwenye mwaka 1863. Bastola ya 1917, tena iliyotengenezwa Birmingham, haimo. Kwa polisi ni silaha haramu, kwa watu wa mambo ya kale ni kitu cha juzi.

Na wenzetu wa Zambia? Mbala kuna Makumbusho ya Moto Moto. Mnara wa kumaliza vita wanao Chambeshi. Sisi mkoa wa Songwe tumeupata mwaka 2016, kimondo cha Mbozi tunacho na watalii wanakuja kukipiga picha, lakini vita iliyopita mlangoni mwetu haina hata kabati la kioo.

Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa kusalimisha silaha. Kwa hiyo mabibi na wajomba wengine wataendelea kuja na vitenge vyao. Sihitaji jengo jipya wala semina hotelini. Nataka fomu ya kituoni iwe na mistari minne zaidi: maandishi yaliyomo kwenye chuma, mwaka, namba, na nani anasema aliipata wapi. Picha mbili kwa simu, kila ubavu moja. Ikionekana ni ya kabla ya 1945, Makumbusho ya Taifa wapigiwe simu kabla ya tanuru. Wakiitaka, mafundi waizibe mtutu isipige tena milele. Wasipoitaka, ichomwe, lakini picha na maneno ya mwenyewe vibaki.