Uzalendo Haupimwi kwa Kipande cha Tiketi

Juzi nimemsikia mtangazaji mmoja wa redio akituambia kwamba shabiki wa kweli wa Taifa Stars ni yule anayekwenda uwanjani. Wengine eti ni watazamaji tu. Kauli hii imezoeleka mpaka watu wazima wanaitikia kwa kichwa, nami imenichosha.

Kutoka hapa kwetu Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200. Mvuvi wa Kibirizi aache nyavu, atoe nauli ya kwenda na kurudi, atafute pa kulala, yote kwa dakika 90?

Septemba 2019 Stars walicheza na Burundi kufuzu Kombe la Dunia, kwanza Bujumbura, kisha Dar. Sasa Bujumbura iko karibu na Ujiji kuliko hata Tabora. Yaani mtu wa Ujiji akitaka kuiona timu yake ikicheza ugenini, anapita Manyovu na jioni ameshafika. Akitaka kuiona nyumbani, anavuka nchi nzima. Halafu anaulizwa uzalendo wake!

Wanajitetea kwamba mashabiki wa jukwaani pale Uwanja wa Mkapa, Dar, ni mchezaji wa kumi na mbili. "Kwa Mkapa hatoki mtu!" Hatoki nani? Brazil walitoka na ushindi wa 5-1 Juni 2010. Wakongo walitoka na 2-0 Oktoba 2024. Morocco walitoka na 1-0 Agosti 2025, wakatutupa nje ya CHAN kwenye robo fainali. Huyo mchezaji wa kumi na mbili tumtafutie timu ya mkopo.

Usiku ule wa Wakongo nilikuwa kwenye kibanda umiza, mabenchi yamejaa, nguo za waliotoka ziwani zinanuka dagaa. Mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kalemie alikuwa amebanwa katikati yetu. Meschack Elia alipofunga la pili, jamaa aliruka akaangusha soda ya jirani. Akazomewa, akalipishwa soda, akasogezewa nafasi akae. Nionyesheni jukwaa la VIP lenye ushabiki wa namna hiyo. Kule nusu yao wana tiketi za bure na wanaingia kipindi cha pili kimeshaanza.

Kama mnataka tuje uwanjani, uwanja tunao. Tarehe 25 Julai 2021 Simba na Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam hapa hapa Lake Tanganyika, Taddeo Lwanga akafunga bao pekee, na siku hiyo hakuna aliyesema Kigoma ni mbali. Klabu ya Mashujaa inacheza Ligi Kuu hapo hapo. Mtaniambia habari za viwango vya CAF. Basi viwekeni! Kwa ajili ya AFCON 2027 Arusha wanajengewa uwanja mpya kabisa. Sisi tunaomba marekebisho tu.

Ileteni Stars Kigoma hata kwa mechi moja ya kirafiki na Burundi. Majukwaa yakibaki matupu siku hiyo, ndipo mtuite watazamaji.